Bani Lililojengwa Ili Liungue

Kazi yangu katika filamu ile ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitu kinaharibika sawasawa na kilivyokwisha kuharibika. Najua inasikika kama maneno ya mlevi. Ngoja nieleze.

Filamu ya kwanza tuliipiga sisi wenyewe, watu sita wa Tabora mjini, kwa kamera ya kuazima na simu mbili. Hadithi niliiandika mimi, mwalimu wa sekondari ninayekaa Isevya, kwenye kurasa za nyuma za daftari la maandalio ya masomo. Ilihusu miaka mia mbili ijayo. Mvua imekwisha nchini, msichana anatembea peke yake kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kuelekea Ujiji, na porini anakuta chombo kilichoshuka kutoka angani kikaungua. Katika mabaki yake anagundua kwamba wageni wa nyota nyingine walikuja kutafuta wapagazi, na Wanyamwezi wakakubali kubeba, kama kawaida yao. Chombo cha angani hatukuwa na uwezo wa kukijenga. Tulitumia bani la mjomba wangu la kukaushia tumbaku, lililokuwa limeungua.

Mjomba wangu, kaka yake mama, analima tumbaku upande wa Urambo. Bani lake lilikuwa kama mabani yote: chumba kirefu cha tofali kisicho na madirisha makubwa, majani yanatundikwa juu kwenye fito, na joto linapita sakafuni ndani ya mabomba kutoka kwenye tanuru la nje. Jani moja likichomoka kwenye kamba likaangukia bomba la moto, basi. Ndivyo lilivyokwenda la kwake, misimu miwili kabla ya filamu, na mazao yote ndani. Nilipofika na wenzangu kuomba tupige picha kwenye magofu alisema, "Pigeni, mpwa wangu. Angalau limepata kazi." Nikaandika kwenye daftari langu: ukuta wa kushoto umepasuka kuanzia juu hadi kwenye kidirisha cha kuchungulia kipimajoto, bomba la katikati limepinda, mlango umelala nje. Magofu yale niliyaona mazuri sana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, naona msiba wa mjomba wangu nasema ni mandhari.

Sasa, kwa namna ambayo mpaka leo sielewi, filamu ikapendwa. Watu walipitishiana kwenye simu mpaka fundi viatu mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapohapo Tabora, akaanza kuniita mama wa angani. Wakaja watu wa Dar na vyombo vya maana, wakasema wanataka kutengeneza nyingine. Hawakutaka mwendelezo. Walitaka yale yaliyotangulia: chombo kilivyofika, wapagazi walivyopanda, moto ulivyotokea. Wao waliita prikweli. Sisi tuliita "ya kabla", na jina letu ndilo lililoshika.

Ubaya wa ya kabla ni kwamba mwisho wake umekwishaonekana. Ukitaka mtu apone, huwezi, maana watazamaji wameshaona kaburi lake. Ilibidi tujenge bani zima palepale, juu ya msingi uleule, kisha tulichome hadi lifanane na picha zangu za zamani, ufa kwa ufa. Mimi nikapewa kazi ya kutunza ulinganifu, kila kitu kifanane na filamu ya kwanza. Nilitembea na faili la picha kifuani, nikilinganisha.

Mwongozaji alikuwa Mzaramo, mwembamba, mcheshi, na fundi kweli wa kazi yake. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mtu mbaya, na hakuwa. Alikataa kabisa moto wa kompyuta. Alisema moto wa kompyuta haumuunguzi mwigizaji usoni, na mtazamaji anajua hata kama hajui kwamba anajua.

Siku ya kwanza tulipofika, mjomba alikuwa anatoka shambani, matope mpaka magotini. Nikampa shikamoo yangu, akaitikia. Mwongozaji naye akampa. Mjomba akamwuliza ni mtu wa wapi.

"Mzaramo, mzee."

"Mzaramo!" Mjomba akarudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani. "Basi shikamoo yako ichukue. Siitaki. Babu zako ndio waliomshusha babu yangu mzigo wa pembe wakampa shanga!"

"Kumbe Mnyamwezi!" Mwongozaji akapiga kelele ya furaha. "Mbeba mizigo wetu! Tua basi, baba, umesimama na mzigo tangu enzi za misafara."

"Na wewe kaa, maana nyinyi mliuza mashamba mkacheza ngoma hadi mkasahau njia ya nyumbani."

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka machozi, na watu wote wa filamu wakacheka nao. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo sina haja ya kuueleza sana. Babu zao waliwekeana utani huo kwenye njia za misafara, na wajukuu wanaurithi hata kama hawajawahi kuonana. Mtani anaweza kukuchukulia jembe mlangoni na wewe ukamfuata unacheka. Anaweza kulala kaburini kwenye mazishi ya baba yako akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Anayekasirika ameaibika. Na anayesimama pembeni akasema "jamani, huyu hatanii" amewaharibia wote wawili, hana adabu, hajafundwa.

Mwongozaji akamwonyesha msingi wa zamani. "Nitakujengea bani hapa, Mnyamwezi, zuri kuliko lile lako. Halafu nitalichoma mbele ya macho yako."

"Choma," akasema mjomba. "Ukilichoma nitakuja Dar nilale kitandani kwako, wewe ulale sakafuni."

"Ah, unanitisha. Basi chukua, ni lako. Nimekupa."

"Nimepokea," akasema mjomba, na akapokea kwa mikono miwili, hewa tupu.

Nilicheka sana. Kisha nikamwona mjomba, wenzake wakiwa wameshageukia mambo mengine, anazunguka ule msingi taratibu na kugusa tofali kwa ncha ya kiatu. Hapo nilipaswa kuacha kucheka. Niliacha, kisha nikarudi kwenye picha zangu.

Bani likapanda. Mabati mapya, mlango wa mbao nzito, mabomba yaliyotengenezwa Ng'ambo yakaletwa na lori. Kila asubuhi mjomba alifika kabla ya mafundi. Aliwaambia mdomo wa tanuru wameuelekeza kwenye upepo, wakaugeuza. Aliwaonyesha jinsi ya kuziba mabomba kwa udongo ili moshi usipenye. Mwongozaji alifurahi, akamwita mshauri wa ufundi, akampa kofia yenye jina la filamu. Mjomba aliivaa hata kanisani, na kwa Wamoraviani wa kijijini kwake hilo si jambo dogo.

Tangu bani lake liungue alikuwa akikaushia kwenye mabani ya majirani. Wao humaliza kwanza, ndipo yeye hupata nafasi, na jani halimsubiri mtu. Likikaa shambani baada ya kuiva linaungulia kwenye shina, linageuka rangi ya mavumbi, na sokoni wanaligusa kwa kidole kimoja. Nilijua yote haya. Likizo zangu zote za utotoni nilizipitisha pale, nikifunga majani kwenye fito mpaka gundi yake inanata vidoleni kama lami. Kati ya watu wote waliosimama kwenye uwanja ule, mimi peke yangu nilijua filamu na nilijua tumbaku. Nasema hivi si kwa kujisifu.

Bani lilipokamilika, mwongozaji aliingia ndani, akatazama juu, akakunja uso. Wapagazi wa hadithi walitakiwa kulala chini ya shehena ya wageni wa angani, na juu palikuwa patupu.

"Hapa pananing'inia nini?" akauliza.

"Nina majani shambani yameiva," akasema mjomba.

"Lete, Mnyamwezi. Lete yote. Jaza mpaka kwenye paa!"

Mjomba akanigeukia. Alinitazama kwa muda, akingoja niseme chochote, ndiyo au hapana. Mimi nikafungua faili langu nikatazama picha ambayo nilikuwa nimeshaiangalia mara hamsini. Akaenda zake shambani.

Siku mbili walichuma, yeye, mkewe na majirani aliowaita. Walifunga, walipanda kwenye maboriti wakapanga fito safu kwa safu, kutoka paa hadi kimo cha mtu. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya tanuru, akavua ile kofia, akasali, akawasha. Mwongozaji alikuwa pembeni anapiga picha kwa simu. Alidhani mzee anatuwekea mwanga wa kuigizia, na kwa kweli ulikuwa mwanga mzuri.

Siku tatu za kwanza za kukausha ni za kuivisha rangi. Joto ni la wastani, unyevu mwingi, mtu anaweza kuingia na kutoka. Tulipiga picha humo mchana kutwa. Waigizaji walitokwa jasho ndani ya mavazi ya angani tuliyoshona kwa viroba, na juu yao majani yakawa yanageuka, kijani ikiondoka polepole, njano ikiingia. Sijawahi kuona kitu kizuri vile kwenye kioo cha kamera. Mwongozaji alikuwa anatembea ameshika kichwa kwa furaha. Na mjomba alikuwa ananinong'oneza, "Mpwa wangu, halijawahi kushika njano hivi. Hata la babu yako halikushika hivi." Wote wawili walikuwa na furaha ileile, kwa jani lilelile, na mimi nikiwa katikati.

Alhamisi nikajikaza. Tulikuwa tunakula michembe ya viazi na karanga chini ya turubai. Nikamwambia mwongozaji, "Mjomba wangu hatanii. Yale majani ndiyo mavuno yake. Yuko ndani anakausha kweli. Anadhani umempa bani."

Akanitazama, kisha akaangua kicheko. "Na wewe umo? Mmepanga! Wanyamwezi nyinyi hatari." Kabla sijamzuia akaita kwa sauti, "Mnyamwezi! Njoo! Mpwa wako anasema nikichoma bani Jumamosi utalia!"

Mjomba akaja. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa pale na sahani zao. Angesema ndiyo. Neno moja tu.

"Nitalia," akasema. "Nitaweka matanga siku arobaini. Na ng'ombe wa matanga ni wewe."

Turubai zima likalipuka kwa vicheko. Mpaka leo nikikumbuka hapo nakasirika, na sijui nimkasirikie nani. Angefanyaje? Kumwomba mtani mbele za watu, kwa uso mkavu, ni kuvua nguo. Na mimi ningefanyaje, nipige ngumi chini? Nadhani ningeweza. Nilikuwa na mkono.

Jioni ile, jua bado halijazama, nilimfuata kwenye tanuru. Alikuwa anaongeza kuni, maana sasa alikuwa amepandisha joto, anakausha jani.

"Mjomba, watalichoma. Jumamosi mchana. Nimeona ratiba."

"Mtani akisema amekupa, amekupa."

"Alikuwa anacheza."

"Mpwa wangu." Akaegemea ukuta, mgongo wake kwenye tofali zenye joto. "Wewe umesoma. Niambie mtu gani anajenga kitu kizuri namna hii, mabati mapya, mabomba mapya, halafu anakichoma. Hata mwendawazimu hafanyi."

Alivyoisema, ilikuwa kweli.

"Na si wewe uliyeandika?" akauliza. "Andika vingine."

"Ile ya kwanza watu wameshaiona, mjomba. Limeungua. Wanajua."

"Waambie hawakuona vizuri."

Niliondoka pale nikiwa nalia, na Ijumaa nikafika kazini kama kawaida na faili langu. Hilo ndilo ninaloona tabu kuliandika. Sikuugua, sikuacha kazi, sikuficha viberiti. Nilifika saa moja kamili.

Jumamosi mvua ya asubuhi ilikatika saa tano. Jani lilikuwa limekauka, bado mshipa tu, siku moja na nusu hivi. Kamera tatu zilipangwa, na droni. Kwa tukio la mwisho mjomba alikuwa amepewa nafasi ya kuigiza mchochezi wa tanuru la chombo, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kushika koleo la tanuru. Alichochea, kamera zikamfuata. Kisha akaona mafundi wawili wanazunguka nyuma na dumu la petroli.

Akaweka koleo chini. Akazunguka mpaka mlangoni, akaufungua, joto likampiga usoni, akakaa kwenye kizingiti. Akavua kofia akaiweka magotini. Kisha akapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa, jinsi wazee wa zamani walivyomwangukia mtemi.

"Mtani," akasema. "Naomba. Naomba bani."

Sauti haikuwa na utani hata chembe. Sijawahi kumsikia akisema naomba, hata kwa Mungu alikuwa akisema tunaomba. Machozi yalishuka kwenye makunyanzi ya uso wake akayaacha.

Kwenye skripti hapakuwa na maneno hayo. Mwongozaji alishika bega la mpiga picha, akanong'ona, "Usikate. Usikate kabisa." Nilimtazama, naye alikuwa na machozi. Alikuwa ameguswa, kweli kabisa. Aliamini anaona uigizaji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuuona, na akamheshimu mzee kwa kutomkatisha.

Kamera ikiwa inazunguka hakuna anayefungua mdomo. Nilikuwa nimelishika hilo kuliko amri kumi. Nikasimama pale na faili wazi mkononi, na picha iliyokuwa juu ilikuwa ile ya majivu, ya filamu ya kwanza. Katika yale majivu hakuna mtu. Hilo ndilo jambo pekee katika faili zima lililokuwa na faida kwa mjomba. Nikaingia ndani ya picha, nikamshika mkono, nikamwinua.

Nilidhani atagoma. Laiti angegoma! Alikuja mwepesi, kama mgonjwa anayepelekwa kuoga, na kofia akaiacha kwenye kizingiti. Tulipopita kamera ya tatu mwongozaji akapunga mkono kwa mafundi.

Jani lililokauka haliungui, linalipuka. Paa la mabati lilijikunja lote kabla hatujafika kwenye uzio. Harufu ilikuwa ileile ya siku zote za utoto wangu, mara mia. Watu walipiga makofi. Ukuta ukapasuka, nikausikia, nikageuka kutazama kwa sababu ndiyo kazi yangu, na ufa ulikuwa upande wa kulia.

Upande wa kulia. Picha zote mia moja na kitu zinaonyesha kushoto. Nilipomwambia mwongozaji, alisema bila wasiwasi, "Si neno. Tutaigeuza kwenye kompyuta."

Kisha akamwendea mjomba, mikono wazi. "Mnyamwezi, umeniua leo! Uigizaji gani ule!"

"Nilisema nitalia," akasema mjomba.

Mwongozaji akacheka, na kicheko kikafika katikati kikaishia hapo. Alikuwa amemshika mikono, na kamera zilikuwa zimezimwa, na mjomba bado analia. Akanigeukia mimi.

"Nilikwambia," nikasema.

Akakaa chini kwenye matope, na suruali yake nzuri, akatazama moto hadi ukaisha. Utani wao uliishia hapo, na kwa mara ya kwanza tangu waonane walikuwa watu wawili wasiofahamiana. Kesho yake lori lilipoondoka mabati yaliyobaki yaliachwa uani kwa mjomba. Mpaka sasa yameegemea ukuta. Kuku wanataga nyuma yake.

Filamu ilipotoka ilionyeshwa Ng'ambo, kwenye ukumbi wa kuazima, viti vya plastiki. Mjomba alikuja kutoka Urambo na shati lake la kanisani. Alikaa kushoto kwangu. Kilipofika kipande cha kizingiti ukumbi ulinyamaza, akina mama wakaanza kuvuta makamasi, na mwishowe wakapiga makofi kwa kusimama. Mtu nyuma yetu alisema, "Yule mzee anajua kuigiza, jamani." Kwenye pazia ufa ulikuwa kushoto, mahali pake.

Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi.

"Mpwa wangu," akasema, "hii ndiyo ya kabla."

"Ndiyo, mjomba."

"Na kabla ya hii? Kabla hao wa angani hawajaja, bani likiwa bado zima? Hiyo mtaipiga lini?"

Alikuwa anauliza kweli. Uso ulikuwa mkavu, macho yananisubiri, kama siku ile alipongoja niseme ndiyo au hapana. Nilitaka kumdanganya. Lakini hadithi niliitunga mimi, naijua.

"Kabla ya hapo hakuna kitu, mjomba. Hakuna chombo, hakuna bani. Ni pori tu."

"Pori," akasema. Akatikisa kichwa kukubali, akapanda basi, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili, ambako sikuweza kumwona.